Baina ya Pembe

Meli ilikuwa ikiondoa mabomu yaliyotegwa na adui mlangoni mwa bandari pale injini ilipozimika. Bomu moja lililokatika mnyororo likaibuka, na mawimbi yakaanza kulisukuma kuelekea ubavuni. Walijaribu kulizuia kwa upondo, ukavunjika. Basi baharia Vuai akavua viatu, akajitosa, akaegemeza mgongo kwenye chuma cha meli na kulizuia kwa viganja, baina ya pembe zake za kulipulia, kama mtu anayemzuia ng'ombe mkaidi asiingie ndani. Pembe moja ikigusa meli, wamekwisha wote.

Alisikia makasia ya mashua iliyowabeba wenzake yakienda mbali, akashukuru. Mabega yalishakufa ganzi. Kila wimbi lilimletea lile dude karibu zaidi na kifua.

“Vuai.” Ilikuwa sauti ya nahodha, kutoka juu.

“Bado upo, nahodha? Si ungekwenda na wenzako.”

“Niende nikamwambie nini mama yako? Shika kamba, mwanangu, nikuvute.”

Kamba ikateremka, ikamgusa shavu, ikabaki inaning'inia hapo hapo. Vuai aliitazama. Ili aishike, ilimlazimu aachie mkono mmoja.