Nyumba Yangu ya Usangi

Siku hizi nyumba yenyewe ndiyo inayoiambia serikali nani anaishi ndani yake. Mwenyewe akiwa ughaibuni, kodi inapanda kila mwaka, mpaka arudi na nyumba imtambue. Kidude kilichofungwa juu ya mlango hakitaki hati wala pasipoti. Kinasikiliza tu mtu anavyoingia, maana mtu haingii kwake kama mgeni.

Basi nikatoka Rotterdam roho juu. Njia nzima nilikuwa najisemesha: Namkunda, ukifika sukuma mlango, ingia, kaa. Nyumba umeijenga wewe, hata rangi ya madirisha ulichagua wewe kwa simu.

Nilikuta mlango uko nusu wazi. Ndani wifi yangu Nakijwa, anayenitunzia nyumba, alikuwa akisonga ugali. Kizingitini palijaa viatu vya watoto wake, na dirishani lilining'inia pazia nisilolijua. Mdomo ukanitangulia.

"Hodi!"

Nakijwa akatoka mbio na mwiko mkononi. "Wifi! Hodi ya nini tena? Si nimekuachia mlango wazi makusudi?"

"Hata sijui. Imenitoka tu."

Juu ya vichwa vyetu nyumba ikaitikia kwa sauti ya upole, "Karibu mgeni. Utakaa mpaka lini?"

Nakijwa akanitazama, akisubiri niikatalie. Nikafungua kinywa nibishe kwa nguvu zangu zote, na kilichotoka ni tarehe ya ndege ya kurudi.