Panya Waliopewa Majembe

Masika yalipoanza, tarehe 12 Machi, Punda alilifungia gari lake bandani, akinuia kulitoa tarehe 1 Juni kumpeleka bintiye kwa mumewe. Tarehe 14 alifungua boneti, akawakuta Panya saba wamejenga kiota kando ya nyaya.

"Shikamoo, mzee," alisema Panya mkubwa. "Sisi ni wageni tu."

"Niachie mimi hao!" alidakia Paka, jirani yake.

"Mwaka jana nilikuachia, ukalala kitini," Punda alimjibu. Kisha akawageukia Panya. "Marahaba, wanangu. Karibuni."

Akawalisha mtama siku mbili, nao wakashiba hata wasiziguse nyaya. Paka alimcheka waziwazi.

Alfajiri ya tarehe 16, Punda alileta majembe saba. "Siku mbili zimetimia, wageni wangu. Shamba lile pale. Tutalima pamoja mpaka magharibi."

Panya walitazamana. "Mzee, kwetu kuna msiba."

"Poleni. Amefariki nani?"

"Tutajua tukifika," walijibu, wakatoka mbio.

Tarehe 1 Juni gari liliwaka mara moja, bibi harusi akapanda, na Punda akashusha pumzi. Majembe aliyaegemeza mlangoni pa banda, na hadi leo hakuna Panya aliyepiga hodi.