Halbadiri kwa Jicho la Hilal

Ubani ulikuwa ushatiwa chetezoni na Mwalimu Badi keshafungua kitabu, lakini Hilal alikuwa bado ameushika mguu wa mamake. "Msamehe, mama. Mwachie Mungu."

Mwanatumu aliuvuta mguu wake. Mpole mno mwanawe huyu. Jicho la kushoto limekwenda, naye anamwombea aliyelitoa!

Jicho lilipotea kwenye maabara nje ya Malindi, ambako wageni walikuwa wakirusha mwanga wa leza ndani ya chupa ya gesi mpaka gesi yenyewe ikawaka, cheche ya buluu ikaning'inia bila utambi. Vijana wawili wa mji walifanya kazi hapo, Hilal na Kiponda, na mmoja tu ndiye angepelekwa Ulaya kusoma. Kabla ya kuteuliwa, mtu aliisogeza kwa siri lenzi iliyoukusanya mwanga ule. Mwako ukaifikia, ukaipasua, kigae kikamwingia Hilal. Kiponda, aliyesimama upande wa pili, hakupata hata mkwaruzo.

Alikuja mwenyewe kujieleza. "Shikamoo, mama. Moto ule hauendi mbele. Huurudia mwanga unakotoka. Siku ile sote tulidhani utakuja upande wangu."

"Sote," alisema Mwanatumu. "Ila wewe ukajua pa kusimama."

Akamwambia kuwa atamsomea. Kiponda akajibu kisomwe tu, na ubani ataleta yeye. Ndio huu uliokuwa ukifuka sasa. Ufidhuli ulioje!

Halbadiri, kisomo cha kumwapiza mkosaji, haihitaji jina. Humtafuta mwenyewe aliyetenda. Mwalimu alimkumbusha hilo, akamwuliza kama ana hakika, maana ikishatoka haina wa kuirudisha.

"Soma," alisema Mwanatumu. "Aliyeigusa lenzi ile, dunia imzimikie. Asibakiwe na jicho hata moja."

Hilal aliangua kilio. Mamake akamwambia akajilaze, haya si mambo ya nyoyo laini.

Asubuhi yake Mwanatumu alikaa barazani, akingoja habari kama mtu angojaye posa. Jua lilikuwa limeshapanda ukuta wa jirani alipomwona Kiponda akija, akiruka mtaro bila kusita, macho yake yote mawili yakimetameta. Hasira zikamkaba. Kisomo gani hiki, maji matupu!

"Hilal hajambo, mama?" aliuliza Kiponda.

Kabla hajamjibu, sauti ilitoka dirishani, palipojaa jua.

"Mama, mbona hadi saa hizi hakujakucha?"