Pancha za Jelmer

Kila asubuhi, kabla Aukje hajampitia, Jelmer alichutama nyuma ya nyumba na kuitoa upepo baiskeli yake mwenyewe. Kisha aliinuka, akapangusa mikono, akatoka barabarani na uso wa msiba.

"Pancha tena?" Aukje aliuliza, ameshika usukani wa baiskeli yake.

"Pancha tena, mpenzi. Sijui nimemkosea nani."

"Basi na mimi nakokota yangu. Siwezi kukuacha utembee peke yako."

Miaka miwili walikwenda kazini hivyo, kila mtu na chuma chake mkononi, wakipiga soga mpaka maktaba, mji mzima ukiwapita kwa kengele. Hapo ndipo Jelmer alipompendea. Mwanamke mwenye magurudumu mazima, anakubali kutembea kwa ajili ya mtu! Wako wapi wengine?

Siri ni kwamba Jelmer hakujua kuendesha baiskeli. Naam, Mholanzi mzima, na ndevu zote zile! Kwetu mtoto hupanda baiskeli akiwa bado na nepi. Lakini bibi aliyemlea aliogopa kila kitu chenye magurudumu, na siku ya mtihani wa baiskeli shuleni alimfunga bandeji mguu mzima, akamrudisha kitandani. Mtihani haukurudiwa, na kijana akakua hivyo hivyo.

Wangetembea mpaka uzeeni kama si sisi majirani. Siku ya kuzaliwa Aukje tulikaa kwenye duara la viti kama ilivyo desturi, kila mtu na kipande chake cha keki. Tulimpongeza Aukje, tukampongeza Jelmer kwa kuwa mchumba wa Aukje, tukapongezana na sisi wenyewe kwa kuwa majirani zake. Ndipo Bi Roelie wa nyumba ya pembeni aliposimama na bahasha.

"Wanetu, arusi imekaribia, na mtaa tumechanga. Fungate yenu ni Ureno, wiki nzima juani, kwa baiskeli! Na hakuna kiongozi wa kuwachunga. Ramani mnapewa, njia mnapanga wenyewe. Sisi tunataka picha tu, mkiwa juu ya baiskeli!"

Tukapiga makofi. Jelmer alipaliwa na keki. Aukje akaangua kilio, tukasema ni furaha, maskini.

Jelmer alijaribu kujifunza kwa siri nyuma ya ghala la viazi. Alianguka kulia, akaanguka kushoto, mara moja akaanguka kabla hajapanda.

"Umefanya nini goti?" Aukje alimuuliza.

"Ngazi."

"Pole. Hata mimi, ona kiwiko. Paka."

Wakakaa mezani kupanga safari. Jelmer alisoma karatasi ya kampuni ya safari kwa sauti ya mgonjwa. "Siku ya kwanza, kilomita arobaini."

"Za nini zote hizo?" Aukje akaruka. "Tunafukuzwa na nani?"

"Tuseme kumi?"

"Kumi kwenye jua lile, mpenzi? Utaungua masikio."

Jelmer alitamani kumpigia magoti. Walipunguza, wakapunguza tena, mpaka hoteli ya pili ikawa inaonekana kutoka dirishani mwa hoteli ya kwanza. Mwanamke wa kampuni akapiga simu.

"Samahani, mna hakika mnahitaji baiskeli?"

"Dada, sisi ni Waholanzi!" Aukje akamkatia simu.

Hata hivyo, hiyo njia fupi ilibaki palepale, na Jelmer hakulala vizuri tena. Hakuogopa kuanguka. Aliogopa Aukje kujua kwamba kila pancha ilikuwa uongo. Mtu aliyekudanganya kwa upepo miaka miwili, utamwamini kwa lipi? Angemwacha, na kwa haki. Jelmer alikwishafungua mdomo akiri, jicho likaangukia picha iliyokuwa pembeni mwa karatasi: baiskeli ndefu ya watu wawili. Wa mbele anaongoza. Wa nyuma kazi yake kukanyaga tu, hata gunia la viazi lingeweza.

"Mpenzi," alisema, akitazama kikombe, "nisikilize, wala usicheke. Vipi tukichukua baiskeli moja? Ya watu wawili?"

Aukje alimrukia shingoni mpaka kahawa ikamwagika kwenye ramani. "Jelmer wangu! Na mimi nilitaka kusema hivyo hivyo, nikaona haya!"

"Kweli?"

"Haki ya Mungu! Tuwe pamoja."

"Nitakufuata popote," akasema Jelmer, na alimaanisha kila neno.

"Mimi je? Popote!"

Arusi ikapita salama. Walikwenda kwa miguu, watu wakasema hao wana mambo ya kimapenzi. Wakafungasha jibini, siagi ya karanga na makoti ya mvua, wakaruka kwenda Ureno.

Asubuhi ya kwanza jua lilikuwa kali kweli. Bwana Abílio mwenye hoteli aliitoa baiskeli ndefu uani, nyekundu, imeng'arishwa. Wazee wa mkahawani wakageuza viti kuwatazama Waholanzi, maana walisikia watu hawa huzaliwa juu ya baiskeli. Abílio aliinua kamera ya simu, tayari kwa picha ya Bi Roelie.

"Haya, maarusi! Pandeni!"

Jelmer aliona ni sasa au kamwe. Akichelewa hata kidogo, Aukje kwa upole wake atamkaribisha mbele. Akafumba macho, akatimua mbio, akarukia kiti cha nyuma.

Akatua mapajani mwa Aukje, aliyekwisha kukiwahi kiti hicho hicho.