Kiwiko cha Kasulu

"Kiwiko kimekunjika kinyume tena, dada," sauti ya Fidele ilisema kwenye simu. "Kinatazama mgongoni."

Aneth aliweka kijiko juu ya sahani ya wali maharage, akafumba macho. Kiwiko hicho alikuwa amemnyooshea jana. Na juzi.

"Mwalimu Fidele, kitako umekigandisha?"

Upande wa pili wa simu palisikika minong'ono. Siku moja aliwahi kuuliza ni nini, akaambiwa ni watu wapitao njia.

"Kugandisha ndiyo kufanyaje, dada?"

Nusura aitupe simu. Jana mtu huyu huyu alikuwa amegandisha kitako kisisogee, bila kuulizwa, akaja kukosea begani. Leo hata kugandisha hakujui!

Aneth alikuwa ameletwa Kibondo kutoka Iringa na kampuni iliyouza programu ya kuchorea mashine kwenye kompyuta. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wanunuzi kwa simu. Fidele Nizigiyimana alikuwa amesajiliwa kama mwalimu wa ufundi kwenye chuo kimoja kidogo huko Kasulu, na alichotaka ni kuunda mkono wa roboti kwenye kioo cha kompyuta: kitako, bega, kiwiko, kiganja. Vipande vilikwisha kuchorwa. Kilichobaki ni kuviunganisha, na kila kiungo hupewa masharti yake. Pini hii ikae kwenye tundu lile, uso huu uguse ule, kiwiko kiishie hapa kisipite. Masharti yakipungua, mkono unaning'inia kama wa mlevi. Yakizidi, yanapingana, mkono mzima unageuka mwekundu na kugoma kabisa. Fidele alikuwa hodari wa yote mawili.

"Huyo hana shida na kiwiko," alisema Stumai, mwenzake wa ofisini. "Anakutaka."

"Anitake kwa kiwiko?"

"Wanaume wana njia nyingi, shoga yangu."

Tangu hapo Aneth akawa anatega sikio. Lakini Fidele hakuwahi kumuuliza kama ameolewa, wala ameshindaje. Alisema tu, "Rudia polepole, dada. Kwa Kiswahili chepesi." Kisha aliyarudia maneno ya Aneth kwa Kirundi, kwa sauti ya juu, neno baada ya neno, kama mtu anayejisemesha ili asisahau.

Halafu Longinus, bosi wao, akapiga simu kutoka Dar.

"Kasulu inanitia aibu. Mteja mmoja, matatizo hayaishi! Ama yeye hajui kujifunza, ama wewe hujui kueleza. Na mkataba wako unaisha mwezi huu, unalijua hilo."

"Basi niruhusu niende nikamfundishe."

"Kufundisha hakumo kwenye walichonunua. Wewe unamsaidia kwa simu mtu mmoja aliyesajiliwa, basi. Hata akiongezeka wa pili, ni lazima waombe upya huku."

Mchana ule ule simu ya Kasulu ikalia. Mkono ulikuwa mwekundu kutoka bega hadi kiganja. Aneth alimhoji Fidele kipande kwa kipande mpaka akalipata kosa: kiwiko kilikuwa kimepewa pini, kikapewa uso, kisha kikawekewa na pembe isiyobadilika.

"Umeufunga mlango kwa komeo, ukaupigilia na misumari, sasa unashangaa haufunguki! Futa hilo sharti la pembe."

"Linafutwaje, dada?"

"Kwani wewe una kichwa cha namna gani?" Aneth alifoka, Stumai akageuka kwenye kiti chake. "Kila siku unaamka umesahau yote? Hata mtoto angekuwa ameshaelewa!"

Safari hii hata minong'ono ilikoma.

"Samahani, dada," Fidele alisema. "Usichoke. Tutajitahidi."

Aneth alikata simu. Aliona aibu kwa maneno yake, na aibu hiyo ikamzidishia hasira. Hapo ndipo alipokata shauri. Siku yake ya mapumziko angepanda basi mwenyewe hadi Kasulu, akae na mtu huyo ana kwa ana, ayaone makosa yake yote, kisha amwandikie Longinus kwamba kuna watu hawafundishiki. Angalau aokoe kibarua chake.

Njia nzima aliyapanga maneno. Aliposhuka kwenye bodaboda nje ya chuo, alikuwa ameyanoa yakanoleka.

Mlangoni alimkuta mwanamume mrefu, vumbi la mbao limeijaa kofia yake, simu mkononi. Alikuwa anatafuta namba ya kupiga. Alipoinua macho na kuliona jina la kampuni kwenye fulana ya mgeni, simu ilitaka kumponyoka.

"Dada Aneth? Umekuja?"

"Nimekuja. Nataka nikuone kwa macho yangu unavyokikunja hicho kiwiko."

"Ngoja kwanza, dada, nikueleze..."

"Umenieleza vya kutosha."

Akampita, akausukuma mlango.

Ndani kulikuwa na kompyuta moja. Mbele yake alikaa binti aliyejing'ata mdomo, kipanya mkononi, na nyuma yake, juu ya mabenchi, madirishani, hadi ukuta wa mwisho, walijazana wasichana na akina mama, wengine watoto mgongoni, kila mmoja akingoja siku ya zamu yake. Wote waliinuka kwa pamoja.

Fidele aliingia nyuma yake, akavua kofia.

"Mwalimu wenu ndiye huyu," aliwaambia. "Mimi ni seremala tu, kazi yangu ni kushika simu."