Anwani ya Kiganjani

Siku hizo kila mfanyakazi alibeba anwani yake ya mtandao chini ya ngozi ya kiganja, na sheria ilikuwa moja: anwani moja, mtu mmoja. Wawili wakigongana, walinzi walimpiga aliyefika wa pili kiganjani mpaka anwani yake ife.

Atupele ndiye aliyepanga anwani za kiwanda cha chai chenye matawi Tukuyu, Mufindi na Njombe, yote yakitumia mtambo mmoja. Kila tawi alilitengea fungu lake la anwani, ila la Tukuyu alilibana mno. Wapya walipoajiriwa, anwani ziliisha, mtambo ukaanza kuwapa zilezile za wengine.

Asubuhi moja mumewe, Gwamaka, mfanyakazi wa tawi la Tukuyu, aliletwa nyumbani kwa toroli, kiganja cha kulia kimepondwa kwa rungu.

"Mgeni alinitangulia getini na anwani yangu," alisema, akitema damu. "Mama Lusajo, si ulisema zinatosha?"

Atupele alimfunga kidonda, akawasha kompyuta. Fungu la Tukuyu halikuwa na anwani hata moja iliyobaki. Akaingia kwenye fungu la Mufindi, akachukua ya mwanamke aitwaye Yusta Kihongosi, akaichoma kwenye kiganja cha mumewe kilichobaki kizima.

"Kesho wahi, Baba Lusajo. Uingie kabla ya watu."

Kesho yake Gwamaka alipita salama. Ofisini, Atupele alifungua kamera ya Mufindi. Mwanamke mnene aliyejitanda kitenge alikuwa akilisogelea geti, akicheka na wenzake. Walinzi wakainuka.

Atupele akazima sauti.