Plasta ya Chiriku

Kabla daktari hajafika kitandani kwake, Chiriku alishakunja mkono wa gauni hadi begani. Wenzake wote wodini walikuwa wamekatwa kijipande cha ngozi cha utafiti, kidogo kama punje ya mchele, na sasa walikuwa wakiringiana kwa plasta zao nyekundu.

"Mimi silii," akasema. "Nikate hata mara mbili."

Daktari akachutama. "Sheria inataka wawili wakubali, mwanangu. Mtoto, na mzazi wake."

"Mimi nimekubali."

"Najua."

"Na mlezi wetu wa kituo cha yatima?"

"Yeye anaweza kuruhusu utibiwe. Utafiti, hapana."

Hilo jina la Chiriku alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kufungwa. Leo ukafungwa. Mkono ukabaki umenyooshwa vilevile, mwembamba, mzima, hauna hata mkwaruzo.

"Basi nibandike plasta tu."

Daktari akatupa jicho mlangoni, kisha akambandika.

Saa ya kuona wagonjwa ilipofika, wodi ikajaa akina mama na vikapu vyao. Mmoja, aliyekuja kwa mtoto wa kitanda cha jirani, akaiona ile plasta.

"Kumbe na wewe umo! Haya, nani kakuruhusu?"

Chiriku akaifunika kwa kiganja, akaikandamiza isije ikabanduka.

"Mama yangu," akasema. "Mmepishana hapo mlangoni."